Masoko ya vijijini nje ya Lubumbashi wikendi: shukeni garini

Mkaaji wa Kampemba

Bandugu, jambo yenu wote.

Mvua zimekolea, na kila Jumamosi asubuhi magari yanatoka mjini kwa wingi. Mengine yanashika barabara ya Kasenga, mengine ya Likasi, mengine ya Kipushi. Watu wanafuata bowa (uyoga), asali, samaki wa kukaushwa na viazi vitamu. Ni jambo jema, na mimi ni mmoja wao. Kinachoniuma ni namna tunavyonunua.

Gari linasimama kando ya lami, injini haizimwi, kioo kinashushwa nusu. Watoto wanakimbia na mabeseni kichwani, wengine wanakatiza barabara bila kutazama, na kwenye barabara ya Likasi malori ya madini hayana mapumziko. Tunabishana bei, tunapokea fungu, tunaondoka. Tukifika nyumbani tunasema tulikuwa sokoni. Hapana, tulikuwa barabarani. Soko lenyewe liko nyuma ya safu ya kwanza ya nyumba, penye kivuli, na huko ndiko wanakokaa akina mama waliochuma, waliosuka na waliopika. Yule mtoto wa dirishani mara nyingi ametumwa tu. Ukimuuliza hiki kimetoka wapi hajui, na hana ruhusa ya kukuongezea hata kidogo.

Kwa hiyo ombi langu ni hilo moja: egesheni gari mbali na lami, zimeni injini, shukeni.

Ukishashuka, salamu kwanza. Usifike na "hii bei gani?" mdomoni. Sema "Jambo mama, mulilamuka?", ngoja ujibiwe, uliza mvua, uliza watoto. Kama kuna wazee wamekaa pembeni, wasalimu wao kabla hujagusa bidhaa. Kijijini mtu anayeanza na bei anahesabiwa kuwa mgeni mwenye haraka, naye hupewa bei ya mgeni mwenye haraka.

Nianze na bowa kwa kuwa huu ndio wakati wake. Katika pori letu la miombo uyoga unaolika ni wa namna nyingi sana. Upo ule mkubwa wa kwenye vichuguu, ambao kofia yake inaweza kufika upana wa mita moja. Hakuna uyoga wa kula mkubwa kuliko huo duniani. Wataalamu waliuandika kwa jina la Termitomyces titanicus mwaka 1980, kwa sampuli za Zambia, wakati bibi zetu walikuwa wameshaupika vizazi na vizazi. Mchwa ndio wanaoulima humo ndani ya kichuguu, juu ya mabaki ya majani na miti waliyoyatafuna. Halafu kuna ule mdogo wa rangi ya machungwa, na ule mweupe mnene, ambao hauoti bila mizizi ya miti ya miombo yenyewe. Huo hakuna aliyeweza kuupanda shambani kwake. Mti ukikatwa, nao unakwenda.

Kuna mama mmoja kwenye barabara ya Kasenga ambaye huwa namtafuta. Ukitaka bowa kwake hakupi fungu lililokwisha pangwa. Anachukua mmoja mmoja, anaugeuza chini juu, anakuonyesha zile mbavu za chini kama ni safi, anakwangua udongo wa shinani kwa ukucha, anaubonyeza kidogo. Ukiwa na funza anauweka pembeni, hata kama wewe hujauona. Kisha anafunga wote kwa jani la mgomba na kukaza kwa kamba ya gome. Nilimuuliza wa jana anaupeleka wapi. Akaniambia: "Ile ya jana tulishakula siye. Hii njo ya leo." Huyo ndiye mtu unayemkosa ukibaki kwenye usukani.

Munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, pia unywewe palepale. Ule wa chupa za plastiki unaouzwa mjini mara nyingi umeshachacha na kuongezwa sukari. Kijijini utaona kazi yenyewe: uji wa mahindi umepikwa ukawa mzito, ukaachwa upoe mpaka uvuguvugu, kisha mizizi iliyopondwa inatumbukizwa. Baada ya muda mfupi ule uji mzito unalegea na kuwa mwepesi wa kunyweka, kwa sababu mizizi ile ina kimeng'enya kinachovunja wanga. Siku ya kwanza ni mtamu na watoto wanakunywa. Kadiri unavyokaa unakuwa mkali, na kileo kidogo kinaingia. Uliza tu kama maji yalichemshwa. Hakuna mama anayekasirika akiulizwa hivyo kwa adabu.

Kwa kazi za mikono, msitegemee meza zenye vitambaa. Vitunga, nyungo, mikeka ya matete, vyungu, vinu na michi, miko ya bukari (ugali), viti vifupi vya miguu mitatu: vyote vinakaa chini mbele ya nyumba ya mwenyewe. Kinu ukikinunua, kigonge kwa kifundo cha kidole kila upande usikie kama sauti inabadilika, maana ufa wa ndani hauonekani kwa macho. Kitunga kikaze kwa mikono miwili kama unataka kukikunja. Kilichosukwa vizuri kinagoma. Na tafadhali, msibishane bei ya kitunga kama mnavyobishana bei ya nyanya. Nyanya zitaoza jioni na muuzaji anajua. Kitunga kimekula siku za mtu, na asipokiuza leo atakiuza wiki ijayo.

Wenye kupenda mambo ya sanaa wafike kijiji cha Makwacha wakati wa kiangazi. Wanawake wa kule huchora kuta za nyumba zao kwa udongo wa rangi mbalimbali, na mvua zikishafuta wanachora upya. Pale ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Ni nyumba za watu, watu wanaishi humo.

Pesa: bebeni faranga, noti ndogondogo. Dola yenye mpasuko hata wa ukucha itakataliwa, na hamna chenji ya dola kubwa kijijini. Bebeni na vitunga vyenu au mifuko ya nguo. Bowa ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye gari lenye joto, huanza kuharibika kabla hamjafika mjini.

Nitaendelea. Nanyi ongezeni mnayoyajua.

Mama wa Katuba

Aksanti kwa uzi. Naomba niongeze jambo la bowa kwa nguvu zote, kwa sababu kila msimu wa mvua tunasikia nyumba iliyougua.

Kununua kwa mchumaji ndiyo kinga, hapo uko sawa. Lakini wapo watu wa mjini wanaoshuka, wanaona uyoga porini, wanachuma wenyewe kwa kuwa "unafanana na ule tulionunua". Msifanye hivyo. Uyoga mweupe wa kula na uyoga mweupe wa kuua wanaweza kuwa ndugu wa ukoo mmoja, wote na kifuko shinani. Na msidanganyike na majaribio ya jikoni: kuchemsha na kitunguu uone kama kitabadilika rangi, kutia sarafu, kutia chumvi, kuangalia kama wadudu wameula. Hakuna hata moja linalotambua sumu. Kuchemsha hakuondoi sumu ya ule mbaya zaidi.

Jambo la pili akina mama walishike. Uyoga mbaya kabisa hauumi hapohapo. Unakula usiku, unalala vizuri, tumbo linaanza baada ya masaa sita au kumi na mbili, hata siku nzima. Kisha unatulia kidogo, mtu anadhani amepona, kumbe ini linaharibika. Ukiona mtu ametapika na kuhara masaa mengi baada ya bowa, usimpe dawa za nyumbani na kungoja. Hospitali mara moja, na ubebe mabaki ya ule uyoga kama yapo.

Mtoto wa Kamalondo

Mukubwa, naheshimu ulichoandika ila sikubaliani na sehemu moja. Unaongea kama vile mtoto wa dirishani ni tatizo. Yule mtoto anatafuta ada ya shule. Na wale akina mama wanaonunua kijijini kwa jumla na kuuza hapa mjini, soko la Kenya au Mzee Kabila, nao wana watoto wa kulisha. Tukisema kila mtu ashuke kwa mchumaji, hawa wa katikati tunawaacha wapi? Tena si kila mtu ana gari na Jumamosi ya bure. Mimi nafanya kazi Jumamosi.

Mkaaji wa Kampemba

Mdogo wangu, umesema kweli na nakushukuru. Mama anayeamka usiku kupanda lori juu ya magunia ili wewe upate bowa asubuhi mjini, faida yake ni halali na jasho lake ni kubwa. Anayenunua kwake mjini hana kosa lolote. Ninaowasema ni sisi tuliokwisha kufika kijijini, mita hamsini kutoka kwa mchumaji, na bado hatuteremki.

Kuhusu mtoto, ndiyo maana nataka gari liegeshwe mbali na lami. Magari yakiacha kusimama barabarani, watoto wataacha kukimbilia barabarani. Mwambie "nipeleke kwa mama yako", anakupeleka, unanunua, na matabishi (bakshishi) yake unampa mkononi mwake mwenyewe. Mkifanya hivyo, hakuna wa kupoteza chochote pale nyumbani.

Usafiri bila gari upo pia. Taksi-basi za Kasenga na Likasi zinashusha njiani, na kutoka barabarani manseba, wale wanaobeba abiria, wanakuingiza ndani. Kubaliana bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda.

Fundi Shaba

Mimi nafanya shaba na malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba. Jumapili huwa napeleka kazi zangu nje ya mji. Niwasaidie kidogo upande huu.

Vile vimisalaba vya shaba mnavyoviona, vyenye umbo la X, vina historia kubwa. Mababu waliyeyusha malakiti kwenye tanuru za udongo wakati wa kiangazi, wakamimina kwenye kalibu, vikawa mali ya kutolea mahari na ya biashara. Vimepatikana ndani ya makaburi ya zamani ya Sanga, kwenye bonde la Upemba. Bendera ya Katanga ya mwaka 1960 ilikuwa navyo vitatu. Sasa mtu akikwambia "hiki ni cha zamani kabisa, kimetoka ardhini", jiulize mara mbili. Kama anadanganya, unalipa bei ya kale kwa kitu cha juzi. Kama anasema kweli, huenda kimetolewa kaburini, na hapo hupaswi kukigusa. Nunua kipya, ujue ni kipya, umlipe aliyekitengeneza. Mimi vyangu nawaambia wazi nilivimimina mwenyewe.

Malakiti ya kweli ni nzito na baridi mkononi, na mistari yake ya kijani haijirudii sawasawa. Plastiki ni nyepesi na inapata joto upesi. Visanduku vingi vimebandikwa vipande vyembamba juu ya mbao. Si wizi, ndivyo vinavyotengenezwa, ila uambiwe, na bei ifuate hivyo.

Ombi moja kwenu wateja. Msituombe tukate au kusugua jiwe kavu mbele ya watoto wenu ili mpige video. Vumbi la malakiti ni sumu mapafuni. Fundi anayejijali anakata kwa maji na kuziba pua. Ukiona karakana kavu yenye vumbi la kijani hewani, mtoe mtoto nje.

Msafiri wa Dar

Habari wakuu. Niko Dar es Salaam, nimewahi kupita Lubumbashi kwa biashara nikitokea Kasumbalesa. Nilipewa kitu kama nyama ya mkate, cha kahawia, kinakatwa vipande, nikaambiwa ni kikanda. Kilikuwa kitamu mno. Nilidhani ni nyama mpaka nilipoambiwa ni mzizi. Kinapatikana kwenye hayo masoko? Na kinatengenezwaje?

Mkaaji wa Kampemba

Karibu sana ndugu. Ndiyo, kikanda kinapatikana. Ni viazi vidogo vya maua ya porini ya jamii ya okidi. Vinakaushwa, vinatwangwa unga, unga unachanganywa na karanga za kutwangwa, pilipili, chumvi na magadi, kinapikwa mpaka kinashikana, kisha kinakolezwa moto juu na chini.

Ila nikwambie ukweli, mimi nakila kwa nadra. Kiazi kikishachimbuliwa mmea umekufa, na kikanda kimoja kinakula viazi vingi mno. Upande wa Zambia walichimba mpaka wakaanza kuagiza kutoka kwenu Tanzania, kutoka kwetu na kutoka Angola. Biashara ya okidi kuvuka mipaka iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama wa porini, kwa hiyo usije ukabeba gunia la viazi hivyo ukaviita zawadi. Kipande cha kula pale sokoni, sawa. Mimi sisemi mama anayekiuza aache, nasema tusikifanye cha kila wiki.

Mwana Luapula

Naona samaki hawajasemwa vya kutosha, na mimi nimezaliwa Kasenga.

Kasenga ni mbali kwa safari ya siku moja, zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo wengi wanaishia kununua samaki wetu njiani. Ukinunua samaki wa moshi, mpindue uangalie tumboni na kwenye mashavu, ndiko wadudu wanakoanzia. Mvunje mkia: akikatika kwa sauti amekauka, akipinda bado ana maji na ataoza. Mnuse. Harufu iwe ya moshi na samaki tu. Ukisikia harufu ya dawa ya wadudu, weka chini na uondoke.

Kwa safari fupi nendeni Kapolowe, kwenye barabara ya Likasi. Samaki wa pale wanatoka ziwa la Tshangalele, lililotokea baada ya bwawa la Mwadingusha kujengwa kwenye mto Lufira mwaka 1930. Ni watamu. Lakini watafiti wamewahi kupima samaki wa ziwa lile wakakuta madini ya kobalti ndani yao, kwa sababu maji ya upande wa Likasi yanapita kwenye machimbo. Kwa hiyo kula mara mojamoja, usiwafanye chakula cha kila siku cha mtoto mdogo. Inaniuma kusema hivyo juu ya chakula cha nyumbani.

Na jambo la msimu: upande wa Zambia uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae. Mto Luapula na ziwa Mweru ni vya pande zote mbili. Miezi hiyo ukiona samaki wachanga wamelundikwa kwenye beseni, usinunue hata kama ni bei ya bure.

Mwalimu wa Likasi

Nimesoma yote kwa makini. Naomba kuuliza jambo ambalo wengi tunaliona na hatulisemi. Pembeni ya bowa na asali pana magunia ya makala (mkaa), tena mengi kuliko bowa. Mama anauza bowa, bwana wake anauza makala ya miti ileile inayouotesha. Na sisi tunapakia vyote viwili kwenye buti. Utanijibu nini?

Mkaaji wa Kampemba

Mwalimu, umegusa penyewe.

Umeme wa mjini unakatika, gesi ni ghali, na nyumba karibu zote zinapika kwa makala, ya kwangu ikiwemo. Siwezi kumwambia mwanakijiji aache kuchoma tanuru wakati mimi ndiye ninayemnunulia. Ninachoweza kusema ni kwamba hesabu ya yule mama inabadilika akiona mteja wa bowa na wa asali anarudi kila wiki na kulipa vizuri. Nimemsikia baba mmoja akimkataza kijana wake asikate kipande fulani cha pori kwa sababu "pale njo mama yako anachumia". Kipande kile bado kimesimama. Kile cha jirani, ambacho hakuna aliyekuwa ananunua mazao yake ila makala, ni visiki na majani marefu.

Asali nayo ni hivyohivyo. Uliza mzinga ni wa nini. Mizinga ya zamani hutengenezwa kwa gome lililochunwa kuzunguka mti mzima, na mti uliochunwa hivyo unakufa. Wapo sasa wanaotumia mizinga ya mbao. Asali yao ni ileile ya pori, nyeusi kidogo, nzito, na mimi nanunua kwa hao kwanza. Mkiikuta imeganda chupani msidhani ni sukari. Asali safi huganda. Na lile jaribio la kuwasha kiberiti kilichochovywa asali halithibitishi chochote. Kinachothibitisha ni kumjua mrina asali na kuona mizinga yake.

Mama wa Katuba

Swali la mwisho kutoka kwangu. Jumamosi au Jumapili? Na saa ngapi?

Mkaaji wa Kampemba

Kwa bowa, Jumamosi mapema, maana wanachuma alfajiri na kufikia saa nne ile mizuri imekwisha. Jumapili asubuhi vijiji vingi viko kanisani, soko linachangamka baada ya ibada. Hiyo ndiyo siku ya kula, kunywa munkoyo, na kuangalia vitunga na vyungu bila haraka, kwa kuwa hata mafundi wamepumzika na wana muda wa kuzungumza. Mrudi kabla ya giza. Malori mabovu yanaachwa barabarani bila taa.

Mimi Jumamosi hii nakwenda barabara ya Kasenga, naondoka Kampemba saa kumi na mbili asubuhi. Nina nafasi mbili garini. Mwenye kutaka aje na kitunga chake.